Divisheni wani form six, muhula wa kwanza chuo anarudi na sapu mbili: tatizo ni kozi alizochagua?

#1 Binti Matogoro, Septemba 5
Wakuu, habari za jioni. Naomba nieleze kidogo, maana jambo hili limenikaa kooni tangu mwaka jana.

Mdogo wangu wa kiume alimaliza form six HGE (Historia, Jiografia, Uchumi), divisheni wani ya pointi 6. Nyumbani Songea tulichinja jogoo. Akapata chuo, shahada ya uchumi, na mkopo kiasi. Muhula wa kwanza ulipoisha alirudi na sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na GPA (wastani wa alama) ya 2.3. Sapu moja ni ya hesabu, hiyo niliielewa. Ya pili ni ya kozi ya hiari, ile ambayo wenzake walimwambia "pale A zinagawiwa". Baba hajamuuliza kitu hadi leo, na ukimya ule unamuumiza mtoto kuliko fimbo.

Sasa ni zamu ya mdogo wetu wa kike. HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), divisheni wani ya pointi 8. Jina limetoka awamu ya kwanza: Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), shahada ya sanaa na elimu. Anatakiwa achague masomo mawili ya kufundishia, halafu na kozi za hiari. Jiografia ana uhakika nayo. La pili anasitasita kati ya Historia na Kiingereza. Wiki hizi zilizobaki yupo nyumbani tu, anachota maji na kutazama simu yangu.

Naomba kujua mnachaguaje kozi, ajiandae vipi, na kwa nini watoto wa divisheni wani wanaanguka muhula wa kwanza. Sitaki yule wa pili naye arudi kimya.

#2 Nguchiro, Septemba 5
Bumu, ile posho ya mkopo. Usitafute mchawi mwingine. Mtoto hajawahi kushika elfu hamsini yake mwenyewe, ghafla anasaini posho ya siku sitini, elfu kumi kwa siku, ni laki sita mkononi. Wiki mbili za kwanza anakula chipsi kuku na kununua viatu. Wiki ya sita anakopa, na mwenye madeni hasomi. Kozi haina kosa hapo.

#3 Mzee wa Madesa, Septemba 5
Nguchiro umeongea la matumizi, dada kauliza la kozi. Nimjibu.

Dada, piga hesabu pamoja nami. Alama za Mlimani: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Apasi seckendi (daraja la pili la juu) inaanzia 3.5, fasti klasi 4.4. Chukua kozi tano zenye krediti sawa. Ukipata B nne na A moja una 3.4, umebaki loa seckendi. Ukipata B tatu na A mbili una 3.8. Kozi moja tu imekuhamisha daraja. Na mwaka wa kwanza unahesabiwa hadi mwisho, hauachwi nyuma. Kwa hiyo za lazima huna ujanja nazo, za hiari chagua zinazotoa alama. Aulize mwaka wa pili na wa tatu, wanazijua zote. Apate na madesa yao, yaani notisi za zamani, mapema.

#4 Mwalimu wa Semina, Septemba 6
Mzee wa Madesa, hesabu yako ni sahihi, ushauri wako ndio uliompa sapu mdogo wake huyu dada. Soma tena bandiko la kwanza.

Nimeongoza semina miaka sita. Kozi "inayogawa A" mara nyingi ni mhadhiri mmoja mwenye mkono mwepesi. Mwaka unaofuata anakwenda masomoni, kozi anapewa mwingine, mtihani unabadilika sura, na darasa zima lipo pale kwa kufuata sifa za mwaka jana. Wanafunzi wamejaa mpaka madirishani, mhadhiri hamjui hata mmoja kwa jina, kusahihisha insha za watu 600 haiwezekani, kwa hiyo testi inakuwa ya kuchagua majibu, na ile ya kuchagua majibu haina huruma kwa aliyesoma madesa ya zamani.

Mimi nashauri achague kozi kwa kusoma mwongozo wa kozi, ule unaotolewa siku ya kwanza. Atazame vitu vitatu: alama 40 za ndani zinapatikanaje (testi, insha, semina), orodha ya vitabu, na wiki ya testi ya kwanza. Kozi nne zenye testi wiki moja ni balaa hata kama zote ni nyepesi.

#5 Kipanga 77, Septemba 6
Naongezea: atazame krediti. Krediti ni saa za kipindi kwa wiki, hivyo asijaze kozi zenye krediti kubwa, atakosa hata muda wa kula.

#6 Mwalimu wa Semina, Septemba 6
Hapana Kipanga, hapo tunawapotosha vijana. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi yote: kukaa darasani, semina, kusoma peke yako, kuandika, mpaka kufanya mtihani. Mwaka ni krediti 120, ndiyo maana shahada ya miaka mitatu ni 360. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukigawa kwa muhula wa wiki 15, ni saa 8 kwa wiki kwa kozi moja, na darasani utakaa saa tatu au nne tu. Zilizobaki ni zako na daftari lako.

Na hapa ndipo form six wanapoanguka, kwa maoni yangu. Wanaona ratiba ina mianya, wanadhani ni mapumziko. Sekondari mwalimu alikuwa anaijaza siku nzima pamoja na prepu ya usiku. Chuo kinakuachia nusu ya kazi uifanye mwenyewe na hakikuambii.

#7 Kipanga 77, Septemba 6
Nimeelewa mkuu, asante. Miaka mitatu nilisoma na kuhitimu nikiamini vile.

#8 Mpemba wa Chake, Septemba 7
Asalaam aleikum. Kwa nini huyo mtoto asichukue Kiswahili badala ya kuhangaika na Historia na Kiingereza? Ni lugha yake, na pale kuna TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

#9 Mwalimu wa Zamu, Septemba 7
Mpemba, kasoma HGL. Hana Kiswahili cha form six, na somo la kufundishia kwa kawaida linataka uwe umelifaulu kule. Labda akichukue kama kozi ya hiari, idara ikimruhusu.

#10 Mpemba wa Chake, Septemba 7
Kweli, nimeruka hiyo L. Basi na hiyo ya hiari nimtahadharishe. Mimi nimezaliwa Chake Chake, Kiswahili nimenyonya. Nilipofika chuo nikachukua fonolojia na mofolojia nikijua ni mteremko. Testi ya kwanza nilipata 11 kwa 30. Mwenzangu Msukuma kutoka Kwimba, anayesema "habali" badala ya "habari", alipata 24.

Kujua kusema si kujua kuchanganua. Ukiulizwa neno "anayenipenda" lina mofimu ngapi, ulimi wako wa Pemba haukusaidii. Unatakiwa uone a-na-ye-ni-pend-a, useme kila kipande kinafanya kazi gani, na kwa nini -a ya mwisho ipo. Yule Msukuma alikuwa anaisoma kama somo. Mimi nilikuwa naisikiliza kama hadithi ya bibi.

#11 Nguchiro, Septemba 7
Mpemba kumbe hata nyumbani mnaweza kufungwa!

#12 Mpemba wa Chake, Septemba 7
Tulifungwa kipindi cha kwanza tu. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nilipata B+.

#13 Mwalimu wa Zamu, Septemba 8
Turudi kwa binti. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilikaa miaka minne baada ya kuhitimu nikiomba ajira kila zinapotangazwa. Masomo yangu Historia na Kiswahili. Tupo wengi mno. Walimu wa sayansi na hesabu ndio wanaotafutwa, wa sanaa tunapanga foleni. Kwa hiyo kati ya Historia na Kiingereza nachagua Kiingereza bila kufikiri mara mbili. Kinafundishwa kila shule, na shule binafsi za Kiingereza kuanzia msingi zinaajiri wakati serikali imenyamaza.

#14 Kipanga 77, Septemba 8
Mbona kwenye mtaala mpya wa 2023 kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na ni la lazima? Si litahitaji walimu wa historia wengi?

#15 Mwalimu wa Zamu, Septemba 8
Lipo, na linafundishwa kwa Kiswahili. Lakini shuleni kwetu limegawiwa kwa walimu wale wale tuliokuwepo. Somo jipya si lazima liwe ajira mpya.

#16 Shule ya Ranger, Septemba 8
Siwezi kupita bila kusema. Mnamchagulia mtoto somo kama mnamchagulia kibanda sokoni. Idara ya Historia ya Mlimani si ya kuchezea: Terence Ranger aliianzisha miaka ya 1960, Walter Rodney kafundisha pale, Isaria Kimambo kaijenga. Mimi nilisoma Historia pale, leo nafanya kazi benki, na kilichonipa kazi ni kujua kusoma kurasa mia nikatoa hoja tatu. Anayelipenda somo anakesha nalo. Anayelichukua kwa sababu ya ajira analala nalo.

Dada, mdogo wako anapenda lipi? Mbona hilo hujalitaja?

#17 Binti Matogoro, Septemba 9
Asanteni nyote, nasoma kila bandiko. Shule ya Ranger, umenigusa. Nimemuuliza leo. Kasema anapenda Kiingereza kwa sababu ya riwaya, lakini anaogopa kuongea mbele za watu. Historia haogopi, ila "ni ya kukariri". Hayo ndiyo majibu yake.

#18 Mwalimu wa Semina, Septemba 9
Historia ya kukariri ni ya form six. Na Kiingereza cha chuo si riwaya tu, kuna isimu: fonetiki, alama za matamshi, miti ya sentensi. Wengi wanaokipenda kwa riwaya wanashtuka. Yote mawili atakutana nayo tofauti na anavyoyajua, kwa hiyo "napenda" ya leo ichukuliwe kwa tahadhari.

#19 Niliyerudi, Septemba 10
Sijawahi kuandika habari hii popote. Mwaka 2014 nilidisko, yaani niliondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza. Chuo sikitaji. Divisheni yangu ilikuwa wani pia.

Watu wanasema bumu, wanasema starehe. Mimi sikunywa hata soda ya ziada. Kosa langu la kwanza: nilichagua kozi zote za hiari sawa na mwenzangu wa chumbani ili tuwe na mtu wa kukaa naye, maana nilitoka kijijini na nilikuwa mpweke. Yeye alisoma ECA, anajua uhasibu. Mimi nimetoka HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza). Kosa la pili ni lugha. Sekondari mwalimu aliandika Kiingereza ubaoni akaeleza kwa Kiswahili. Chuo mhadhiri anaongea saa mbili mfululizo, haandiki kitu, na mimi nasubiri aandike ndipo ninakili. Natoka na daftari jeupe. Nikaona aibu kuuliza, kwa sababu kila mtu alionekana ameelewa. Baadaye nilijua nusu yao walikuwa kama mimi.

Niliporudi 2016, chuo kingine, nilifanya hivi. Wiki ya kwanza nilihudhuria kozi sita za hiari, zote, kabla ya kuchagua mbili. Nilikaa, nikasikiliza mhadhiri, nikajiuliza: nikitoka hapa naweza kumweleza mtu kilichosemwa? Nilipojibu ndiyo, nikajisajili. Mfumo wa kusajili kozi una tarehe ya kufungwa, na wiki hizo mbili tatu za mwanzo watu wengi wanazipoteza kutafuta godoro. Halafu nikaenda maktaba kutafuta mitihani ya miaka iliyopita. Sikutafuta majibu, nilitaka kuona wanauliza kwa namna gani: "eleza" ni tofauti na "jadili", na "jadili" ni tofauti na "tathmini". Form six nilijibu yote kwa hoja sita na hitimisho.

Nilimaliza na 3.9.

#20 Shangazi wa Tabata, Septemba 10
Niliyerudi, Mungu akubariki kwa kusema. Nina watoto wawili waliopita chuo, hili la upweke sikuwahi kulifikiria kabisa.

Mimi niongeze ya mama. Asome maelekezo ya kujiunga mstari kwa mstari. Fomu ya daktari aijaze mapema huko huko Songea. Pesa ya bima ya NHIF, 50,400, iwekwe pembeni isiguswe. Vyeti atoe nakala nyingi. Asiyekamilisha usajili hasaini bumu, na akichelewa wiki mbili, kozi nyingine zimeshajaa na makundi ya semina yamegawanywa. Laptopu si lazima siku ya kwanza, mwanangu wa kwanza alikaa mwaka mzima bila nayo. Lakini ajifunze kuchapa. Hizo wiki zote aende kwa mtu mwenye kompyuta, achape ukurasa mmoja kila siku.

#21 Komredi wa Eldoret, Septemba 11
Salamu kutoka Kenya. Nimesoma uzi wote na nimeona tofauti moja. Huku kwetu mwaka wa kwanza huna mengi ya kuchagua, yuniti karibu zote umepangiwa, na zile za pamoja kama stadi za mawasiliano wanafunzi huzidharau. CAT, yaani testi za ndani, ni 30, mtihani 70. Na watu wanaanguka vilevile! Kwa hiyo kama uchaguzi wa kozi ndio ungekuwa tatizo, sisi tungekuwa tunapita wote.

Kitu kimoja kwa dada mdogo: atunze kila karatasi ya testi iliyorudishwa na asaini kila orodha ya mahudhurio. Mimi alama zangu za yuniti moja zilipotea mwaka wa pili na nilizipata kwa sababu nilikuwa na karatasi yenyewe kwenye sanduku.

#22 Mzee wa Madesa, Septemba 11
Komredi umenipa nguvu. Mlimani nako DS (taaluma za maendeleo) na stadi za mawasiliano ni za lazima, na watu wanazilalia. Wanakesha na kozi ngumu wanapata C, halafu na DS wanapata C kwa dharau. Hapo ndipo GPA inapovuja. Ningepewa kuanza upya, DS ningeipiga msuli kama hesabu.

#23 Mwalimu wa Semina, Septemba 11
Leo tumekubaliana, Mzee wa Madesa. Nitaiandika tarehe.

#24 Mdogo Wake, Septemba 14
Mimi ndiye yule wa sapu mbili. Dada hakuniambia ameandika, nimeuona uzi kwa rafiki yangu. Sina hasira, ila nirekebishe mambo.

GPA ilikuwa 2.4. Sapu nimeshazifanya na nimefaulu zote, hilo dada hakulisema.

Kuhusu ile kozi ya hiari: haikuwa ngumu. Niliripoti na kitochi, kile kiswaswadu cha baba. Kila kitu cha kozi ile kilitangazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa: makundi ya semina, chumba kikibadilika, kwizi. Nilikuwa nategemea mtu aniambie. Wiki tano nilikuwa nakaa semina isiyo yangu, jina langu linaitwa chumba kingine. Kwizi mbili zilipita, sikufanya. Niliponunua simu bumu lilipotoka, nilikuta alama za ndani 14 kati ya 40. Hapo UE ingeniokoa vipi?

Hesabu ni kosa langu. BAM, ile hesabu ya ziada ya form six, nilipata E na nikasema imepita, sitaiona tena. Kozi ya kwanza chuo ikaanza na kutafuta ukomo wa fanksheni na difarenshiesheni, mhadhiri akasema "hili mnalijua" akapita kwa dakika kumi.

#25 Nguchiro, Septemba 14
Karibu mdogo wetu, na pole. Nakiri, la kitochi halikunijia akilini.

#26 Kipanga 77, Septemba 14
Kwa hiyo ni simu. Uzi ufungwe?

#27 Niliyerudi, Septemba 14
Usifungwe. Mimi nilikuwa na simu kubwa, na kundi la WhatsApp nilikuwemo. Kila mtu na shimo lake.

#28 Shule ya Ranger, Septemba 15
Na mimi namuuliza Mdogo Wake: wiki tano, kwa nini hukumwendea CR, kiongozi wa darasa? Au ofisi ya idara, ambako majina hubandikwa? Sikulaumu. Nataka kujua tu, maana hapo ndipo ninapoona tatizo lilipo.

#29 Mdogo Wake, Septemba 15
CR nilikuwa simjui sura. Na ofisi ya idara niliona ni ya kuitwa. Sekondari mtu anakwenda ofisini akiwa amekosa.

#30 Mwalimu wa Semina, Septemba 15
Hilo jibu lako nimelisoma mara tatu. Niliketi kwenye ofisi hiyo miaka sita nikidhani wasiokuja hawana shida.

#31 Pori la Mafinga, Septemba 22
Wakuu natoka JKT juzi, Mafinga, nimeukuta uzi huu. Mimi PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), nimepata shahada yenye takwimu ndani. BAM nina D. Wiki tano zinatosha?

#32 Mdogo Wake, Septemba 22
Zinatosha kama utaanza leo. Chukua daftari lako la BAM, fanya difarenshiesheni, intigresheni, metriksi na uwezekano, maswali kumi kila siku kwa mkono, usisome kwa macho. Mimi kwa ajili ya sapu nilifanya hivyo wiki tatu. Ukikwama niandikie hapa.

#33 Pori la Mafinga, Septemba 22
Poa kaka. Naanza usiku huu.

#34 Mzee wa Madesa, Oktoba 12
Binti Matogoro, umetuacha hewani. Alichagua nini?

#35 Binti Matogoro, Oktoba 25
Samahanini kwa kimya, tulikuwa na mbio za maandalizi. Jiografia na Kiingereza. Sikumshinikiza. Kasema atahudhuria na vipindi vya Historia wiki ya kwanza, kama Niliyerudi alivyosema, halafu ataamua kabla ARIS, mfumo wa kusajili kozi, haijafungwa, kama wataruhusu kubadili. Amesoma riwaya mbili za Kiingereza kwa sauti, jikoni, mama akiwa ndiye hadhira. Mama haelewi Kiingereza lakini alikuwa anamwambia "umemeza neno, rudia".

Amepanda basi leo alfajiri, giza bado. Kaka yake alimsindikiza stendi, akampa simu yake kubwa, na yeye kabaki na kitochi cha baba. Muhula wake unaanza wiki ijayo. Nimemuuliza na wewe je, akasema CR wa darasa lao sasa anamjua mpaka anapokaa, atanunua nyingine bumu likitoka.

Baba alikuwepo stendi pia. Basi lilipoondoka alimuuliza kijana, "Hesabu za muhula huu mnafanya nini?" Wakarudi nyumbani kwa miguu wanaongea.

#36 Shangazi wa Tabata, Oktoba 25
Akifika Mbezi usiku asitoke stendi peke yake. Mimi nipo Tabata, nitumie ujumbe wa faragha, nitakwenda kumpokea.

#37 Mpemba wa Chake, Oktoba 25
Na kesho asubuhi kabla ya godoro aende Yombo, pale pale chuoni, akaone kumbi za mihadhara zilipo. Siti za mbele huwahiwa saa moja kasoro.